Mvua Yenye Mwenyewe

Puto lilimtoka Alinda mikononi likapanda bila kusita, naye akalifuata kwa macho mpaka likawa kitone, kisha likapotea. Kazi hii alikuwa ameifanya miaka mingi katika kituo cha hewa cha Rusheshe, ufukweni mwa Ziwa Viktoria upande wa Wahaya, lakini hakuwahi hata siku moja kurusha puto halafu akageuka akaenda zake. Lazima alitazame. Mujuni, fundi wa vishada, humtania kwamba anayaaga maputo kama mzazi anayempeleka mtoto bweni.

Huko juu puto lilipita katikati ya vishada. Asiye na habari angedhani ni vumbi linalometameta juani. Vilikuwa maelfu, vyepesi kama ganda la kitunguu, vimetandazwa juu ya ziwa na vilima kwenye kimo cha kilomita tano, vikilinywa jua na kulitema tena kama joto. Joto hilo ndilo lililokuwa kifuniko. Hewa ya ziwani ikitaka kupanda ijenge wingu la radi, inafika pale inakuta wenyeji wana joto kuliko yenyewe, inakata tamaa, inarudi chini. Tangu kifuniko kianze kazi, hakuna mtumbwi uliopinduliwa na dhoruba ya alfajiri katika ufukwe ule. Watoto wa Rusheshe walikuwa wanakua bila kukijua kilio cha wanawake kinachopokezana mwaloni, pale mitumbwi inapotua, asubuhi. Mtu akikuuliza elimu ina faida gani, mwanzie hapo.

Namba ikaja kwenye kioo cha kompyuta: chanya nne. Kila mtu ufukweni aliijua namba hiyo, maana redio iliisoma kila asubuhi mara tu baada ya matangazo ya vifo. Ikiwa juu ya sifuri, hewa imetulia, nenda kazini kwako. Ikishuka chini ya sifuri, tazama mawingu. Ikifika hasi sita, usitoke, na kama umetoka, rudi.

Alinda akaituma redioni, kisha akampigia mama yake simu kama kawaida.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Nilijua. Hebu niambie, nyie watu wa hewa, mmefungia na senene?"

"Senene wamefanyaje?"

"Hawajafanya kitu, ndiyo shida yenyewe. Novemba inakatika, hakuna hata mmoja aliyeshuka hapa Kabuhinda. Ndoo nimeziosha, zimeshika vumbi, nimeziosha tena. Kuku wanahema midomo wazi. Migomba imelegea majani kama imefiwa. Na joto lenyewe si la jua, mwanangu, maana hata kivulini lipo. Najiona niko ndani ya sufuria."

"Redio inasema hewa imetulia."

"Imetulia hapo kwako penye feni."

Alinda alicheka, akaaga, akaendelea kucheka kidogo peke yake. Halafu kicheko kikamwisha. Mama yake, Ma Kagemulo, alikuwa mtu wa kulalamika, hilo halina ubishi, lakini hakuwa mtu wa kutunga. Na senene, wale panzi wa kuliwa, hufuata mvua. Akavuta kiti akarudi mezani.

Namba ile hupatikana hivi. Unachukua hewa ya chini, hii tunayoivuta, unaipandisha kwa hesabu mpaka kilomita tano na ushei, ukiipunguzia joto kadiri inavyopanda. Ikifika kule, unailinganisha na hewa iliyoikuta: nani ana joto zaidi, mgeni au mwenyeji? Unachukua joto la mwenyeji, unatoa joto la mgeni, kinachobaki ndiyo namba. Mgeni akiwa na baridi, namba inakuwa chanya, naye atazama arudi alikotoka. Mgeni akiwa na joto, namba inakuwa hasi, na hapo hakuna wa kumzuia. Atapaa kama boya lililoachiwa kutoka chini ya maji, na nyuma yake litafuata wingu, mvua ya mawe na radi.

Hesabu haikuwa na kasoro, na puto lilikuwa zima. Lakini mwenyeji yule wa kilomita tano, ambaye kila mgeni analinganishwa naye, ndiye aliyekuwa akipashwa moto na vishada. Alinda aliona kwamba namba ilikuwa inapima kifuniko chao, si hewa. Akatafuta vipimo vya kituo cha ng'ambo ya ziwa, kusiko na kishada hata kimoja, akachukua joto la mbingu ya kule ambayo hakuna mtu aliyeipika, akaliweka mahali pa lile la kwao. Akapiga hesabu upya.

Hasi kumi.

Namba hiyo alikuwa ameiona vitabuni tu.

*

Dakta Kokugonza aliishi nyuma ya kituo, katikati ya kibanja chake cha migomba, na kufika kwake ilibidi kwanza upite kwa mbuzi. Mbuzi huyo alikuwa na kesi maarufu. Siku moja alikata kamba akaangusha mgomba wa jirani wenye mkungu mchanga. Jirani hakugomba. Alifuata desturi ya vilima vile: aliukata mkungu ulioanguka, akaubeba mpaka mlangoni kwa mwenye mbuzi, akauweka chini. Mwenye mbuzi akiupokea, anamenya, anapika, mnakula pamoja, kisha anang'oa chipukizi kwenye kibanja chake mwenyewe na kwenda kuipanda palipoanguka mgomba. Akiukataa, amekataa ujirani. Dakta alipenda kukisimulia kisa hicho mbele ya wageni wakubwa, na kila mara alikimalizia kwa kusema kwamba katika maisha yake yote hajawahi kupewa hukumu nzuri kuliko ile.

Vishada vilikuwa kazi ya mikono yake. Alivianza akiwa binti, baada ya ziwa kumchukulia kaka wawili asubuhi moja, akavimaliza akiwa na mvi. Mashirika yalimwita kwingi, akakataa akabaki Rusheshe. Alinda alimheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai, na sasa alikuwa amekuja kumwambia kwamba namba yake inadanganya. Alisimama kibarazani akaikagua tena karatasi ya hesabu kabla ya kubisha.

Dakta alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akavua miwani.

"Tunampima mtoto homa," akasema polepole, "na kitambaa cha maji baridi kiko palepale kwenye paji la uso."

"Ndivyo, mama."

"Nilichagua kile kimo kwa sababu ndipo namba inaposomwa. Niliona ni werevu." Akaifuta miwani kwa kanga ingawa haikuwa na uchafu. "Zamani tulifunga alfajiri tukafungua mchana, hewa ikajipumulia kidogo kidogo kwa vimvua vyepesi. Mwaka huu je? Wenye harusi waliomba siku moja zaidi. Waanika dagaa wakaomba siku moja zaidi. Nikawapa. Nani asiyependa kushukuriwa? Tumefunika wiki ya pili sasa, na kila asubuhi namba inatuambia tumefanya vyema."

Alinda alimpa karatasi ya hesabu.

"Nani mwingine anajua?" Dakta akauliza.

"Hakuna. Mimi na wewe tu."

Kwa kitambo Alinda aliogopa jibu litakalofuata, na baadaye aliona aibu kwamba aliogopa.

"Basi hilo nalo ni kosa jingine," Dakta akasema, akavaa miwani akainuka. "Mwite Mujuni. Waite wote."

*

Mujuni alikuja na habari mbaya zaidi. Upepo mbichi ulikuwa unasogea kutoka misitu ya magharibi, na vishada vikilowa havitapasha kitu. Kwa makadirio yake kifuniko kingepasuka chenyewe kesho kabla ya jua.

"Kitapasukia wapi?" Dakta akauliza, ingawa alijua.

"Alfajiri hewa inakusanyika ziwani. Patakuwa palepale kwenye mitumbwi."

Mitumbwi ilikuwa mingi kuliko wakati wowote, maana redio ilikuwa imewaambia watu hewa imetulia, nao waliiamini. Wengine walikuwa visiwa vya mbali, wengine hawakuwa na simu ya kupokea onyo. Kuwarudisha wote kabla ya kesho lilikuwa jambo lisilowezekana. Lakini leo mchana mambo yalikuwa tofauti: upepo wa ziwa ungevuma kuelekea nchi kavu, na wakitoboa tundu kwenye kifuniko juu ya kilima, dhoruba yote ingenyonywa hapo na kumalizika hapo. Nchi kavu watu wana nyumba za kuingia. Ziwani hawana.

"Kilima gani?" akauliza Dakta, akamgeukia Alinda. "Msomaji wa hewa ni wewe."

Kulikuwa na vilima viwili tu vya kufikiriwa. Kimoja kilikuwa Nyakasha, penye mji na mabati mengi, ambako upepo ulijikwaa na kugawanyika. Tundu likitobolewa pale, nusu ya dhoruba ingebaki ikirandaranda. Cha pili upepo ulikipanda moja kwa moja kama ngazi, na nyuma yake kulikuwa na bwawa la mafunjo lisilo na mtu. Alinda alijua jibu hata kabla ya kuulizwa. Alijaribu kuitazama Nyakasha kwa jicho la upendeleo, akatafuta sababu za kuichagua, na sababu hazikuwepo.

"Kabuhinda," akasema.

Mujuni aligeuka akamtazama. "Ma Kagemulo si yuko Kabuhinda?"

"Yuko."

"Na kibanja chote kile."

"Namba ndiyo inasema, Mujuni."

"Namba haijawahi kusema kitu," akasema Dakta kwa upole. "Namba inaonyesha. Anayesema ni mtu. Umesema wewe, na umesema kweli, na najua imekuuma." Akamshika bega, akamwachia.

Mujuni alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na alichokisema wengi wangekisema. "Dakta, nina wazo. Tutangaze tu kwamba kuna mvua kubwa, watu waingie ndani. Tusiseme imetoka wapi. Mvua ni mvua, kila mtu anajua ni ya Mungu. Tukisema ni yetu, kila bati litakaloruka litakuja hapa kutudai. Na kesho watasema tuzime vishada kabisa, halafu ziwa lianze kula watu tena. Tunawalinda kwa kunyamaza."

Lilikuwa neno lenye akili. Alinda mwenyewe alilitamani. Angeweza kurudi kwa mama yake akiwa mtoto tu wa kuja kusaidia kuinua migomba.

"Radi ya zamani haikuwa na mwenyewe," Dakta akasema. "Ilimpiga mtu, watu wakalia, wakazika, hakuna wa kumtazama vibaya. Hii tunaipeleka sisi, kwa watu ambao hatukuwauliza, na muda wa kuwauliza tumeumaliza wenyewe kwa upole wetu wa kijinga. Tutaipeleka, kwa sababu mtu hafufuki na mgomba unaota tena. Lakini Mungu simsingizii."

Akaenda chumba cha redio, akaketi mbele ya kipaza sauti bila karatasi.

"Ndugu zangu wa Kabuhinda, mimi ni Kokugonza wa kituo cha hewa. Leo saa tisa alasiri nitafungua kifuniko juu ya kilima chenu. Kutakuwa na mvua ya mawe na radi kubwa. Haitakuwa bahati mbaya. Naileta mimi, kwa sababu nisipoileta kwenu leo, kesho alfajiri itajileta yenyewe ziwani, na huko kuna watu wasio na pa kuingia. Niliifungia mpaka ikafika hapa, na sikuwauliza ninyi. Ingieni kwenye nyumba imara, ingizeni mifugo, msisimame chini ya miti. Kitakachoanguka, kimeangushwa na mimi."

Alinda alikuwa amesimama nyuma yake karibu na mlango, na hakusema neno.

*

Saa tisa kamili Mujuni aliviagiza vishada vya Kabuhinda vikunje mabawa, navyo vikatii kama kundi moja la ndege. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha juu ya kilima kikachomoza kiwingu kidogo cheupe, kikakua huku unakitazama, kikaumuka, kikapanda kikapita tundu na kuendelea kupaa mpaka ukalazimika kukaza shingo kuona ncha yake. Kilikuwa kizuri, na Alinda hakuona sababu ya kuukana uzuri huo hata kama wingu linamtisha. Nguvu za wiki mbili, pumzi yote ya ziwa, zilikuwa zinapita kwenye tundu moja kwa amri ya mama mmoja mzee aliyesimama kando yake akiwa na kanga begani.

Halafu chini ya wingu kukawa kweusi na kilima kikatoweka. Radi zilifuatana bila kuachia nafasi ya kuzihesabu. Ziwani maji yalitulia, na mitumbwi ilionekana ikiendelea na shughuli zake.

Alinda alipiga simu ya mama yake, haikuita. Akapiga tena na tena. Dakta hakumwambia usijali, wala hakumwambia ataipata. Alileta kiti akakiweka karibu na cha Alinda, wakakaa hivyo mpaka wingu likaisha nguvu na kuangukia bwawani.

Jioni ujumbe ulifika kwa mdomo wa mwendesha pikipiki: watu wote wa Kabuhinda wazima. Migomba imelala. Alinda aliingia stoo ya maputo, akafunga mlango, akalia.

*

Asubuhi senene walikuwa wameshuka. Walijaa kwenye nyasi, kwenye kuta, kwenye waya wa antena, na Rusheshe nzima ilikuwa nje na ndoo. Katikati ya shangwe hiyo wakaonekana watu wa Kabuhinda wakija kwa barabara, mstari mrefu, kila mmoja na mkungu mchanga kichwani.

Dakta alitoka akasimama mlangoni. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja mmoja walipita, wakaweka mikungu miguuni pake, wakasogea pembeni, mpaka likawa rundo la kumfika kiunoni. Ta Byabato, mzee wa Kabuhinda ambaye hakuwa na mkungu, alikuja na kamba ya ng'ombe iliyoungua upande mmoja. Aliiweka juu ya rundo. Dakta aliiinua kamba hiyo, akabaki ameishika. Aliishika asubuhi yote ile.

Wa mwisho alikuwa Ma Kagemulo. Alikuwa na mkungu kichwani na ndoo ya senene mkononi, na senene wawili wamenasa kwenye kilemba. Aliutua mkungu.

"Nilikusikia redioni, Ma Kokugonza. Ulisema mvua ni yako. Basi na ndizi hizi ni zako." Kisha akaivuta ndoo nyuma yake. "Senene hapana. Hawa ni wa Mungu."

Watu wakacheka kidogo, hata waliokuwa wamenuna. Dakta hakucheka. Alipiga magoti pale pale, na magoti yake hayakuwa ya kijana, akaupokea mkungu kwa mikono miwili, kamba ya ng'ombe ikiwa imemning'inia mkononi.

"Nimepokea," akasema. "Leteni visu. Leo mnakula kwangu. Kisha mtanionyesha pa kupanda, mmoja mmoja, mpaka chipukizi zangu ziishe, na zikiisha nitaomba kwa majirani. Ng'ombe wa Ta Byabato nitamlipa ng'ombe. Na mvua nyingine haitakuja kwenu kabla sijaja mimi kuwauliza."

Alinda hakuweza kuvumilia zaidi. Alimwendea mama yake.

"Ma, kilima nilichagua mimi. Waliniuliza wapi, nikasema Kabuhinda."

Ma Kagemulo alimtazama mtoto wake. Hakuonyesha kushtuka, pengine alikuwa ameshajua, maana ni nani mwingine angesoma hewa pale?

"Wewe sikukusikia redioni," akasema.

Akamwachia ndoo ya senene aishike, akaenda kukaa na wanawake wenzake kumenya ndizi.

 Alinda akaitua ndoo, akachukua jembe, akaenda kwenye kibanja cha Dakta alikofungwa mbuzi, akaanza kuchimba chipukizi. Alichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, na hakuna aliyemwambia apumzike.

*

Kesho yake alirusha puto, akalitazama mpaka likapotea, akapiga hesabu mara mbili. Kisha, badala ya kuituma namba, alikwenda mwenyewe chumba cha redio. Matangazo ya vifo yalikuwa yanaisha. Dakta alikuwa ameketi pale. Alipomwona alisimama, akampa kiti bila kuuliza.

"Habari za asubuhi," Alinda akasema, na sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake. "Kuanzia leo mtasikia namba mbili. Ya kwanza ni ya hewa pamoja na kifuniko chetu: chanya mbili. Ya pili ni ya mbingu yenyewe, kama tusingeigusa: hasi tatu. Muitazame zaidi hii ya pili. Kifuniko kitafunguliwa leo saa nane mchana juu ya kituo hiki cha Rusheshe, na sisi tutakuwa chini yake. Jana majirani zetu tuliwauliza, wakakubali. Aliyepima na kuchagua mahali ni mimi, Alinda, mwana wa Kagemulo, wa Kabuhinda. Na kilima cha juzi nilikichagua mimi."

Akazima kipaza sauti. Simu yake iliita kabla hajainuka kitini.

"Shikamoo, Ma."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya senene wakikaangwa.

"Leo nimekusikia," mama yake akasema. "Umekula?"